Mzee wa Kimulot Aliyekaa Mochari Bila Jina

Litein, Jumamosi jioni. Mvua ilianza saa nane na bado haionyeshi dalili ya kuacha. Nguo nilizoanika asubuhi zimelowa upya, na sijapata nguvu ya kwenda kuzianua.

Leo wamemchukua mzee. Gari liliondoka mochari kabla ya saa nne, likashika barabara ya Sotik kwenda ziwani. Nimerudi nyumbani kifua kizito kana kwamba wamembeba mtu wangu. Hakuwa wangu. Nayaandika haya sasa, kabla sijaanza kujidanganya kuhusu nilichohisi.

Kuna jambo sijawahi kulisema hapa. Nilipoomba uhamisho kuja kufundisha Litein, wenzangu waliniuliza kwa nini Mjaluo wa ziwani ajitafutie baridi hii yote. Nikasema napenda hewa ya huku. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai upande wa Kericho. Mwaka nilipokuwa darasa la sita alikuja Krismasi, akarudi kazini, na hatukumwona tena. Zilikuja barua mbili. Mama alikwenda kumtafuta mara moja, akaambiwa ameacha kazi na hajulikani alikoelekea. Alipofika nyumbani alitukalisha chini akasema tusimuulize tena habari hizo, na watu wakituuliza tuseme baba yuko kazini.

Yuko kazini mpaka leo.

Ndiyo maana siku za soko hapa Litein sina haraka. Nikipishana na mzee mrefu, macho yangu yanaenda kwenye mkono wake wa kulia. Baba aliungua na mashine ya kukaushia majani, kovu likatoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimetazama mikono ya wazee wengi sana. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nimepoteza kitu, nikasema hapana.

Jumatatu nilikuwa dukani nanunua maziwa wakati redio ilipotoa tangazo kwa Kipsigis. Mwenye duka akanitafsiria. Kuna mzee amefia hospitali huko Bomet. Aliokotwa Kimulot, hana kitambulisho, hakuna aliyekuja kumuulizia, na asipopata wenyewe, serikali ya kaunti itamzika Ijumaa.

"Ana kovu kwa mkono?" nikamuuliza.

"Hiyo hawajasema, mwalimu."

Jumanne nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikamwambia nina shughuli ya kifamilia. Sikujua kama nasema kweli.

Nje ya mochari nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi na kikapu chake. Tukaamkuana. Anaitwa Mama Cherono, ana kibanda cha chai na maandazi pale Kimulot, na yeye ndiye aliyeita boda boda wakampeleka mzee hospitali. Tangu mzee afe, hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja kuuliza kama watu wake wamepatikana. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo.

"Alikunywa chai kwangu karibu mwezi mzima," akasema. "Sasa nikae tu nyumbani?"

Akanieleza. Mzee alitokea tu asubuhi moja pale wakulima wanapopimia majani, akapanga foleni na wengine bila kikapu wala majani. Ikifika zamu yake anasimama mbele ya mizani, anangoja kidogo, kisha anajiondoa polepole. Kesho yake tena. Akiulizwa jina anatabasamu. Akiulizwa kwao anaonyesha mashamba. Walimwita tu boiyot, yaani mzee, naye akaitika.

"Na alikuwa anaongea lugha gani?"

"Kipsigis. Tena safi. Sisi tulijua ni mtu wa hapa hapa, pengine ametoka Bureti. Chifu ametangaza huko kote, kanisani pia. Hakuna."

Mhudumu wa mochari, Bwana Kirui, akatuita ndani. Ni mtu mpole, anazungumza kama aliye karibu na mgonjwa aliyelala. Akafunua shuka. Sikuangalia uso kwanza. Niliangalia mkono wa kulia.

Haukuwa na kovu.

Nitaandika ukweli ingawa unaniaibisha. Nilishusha pumzi, na pumzi hiyo haijaisha nikamkasirikia yule mzee kwa kutokuwa baba. Nilikuwa nimetaka awe yeye. Nilitaka nimpigie mama simu nimwambie ametoka kazini, basi, tumzike, tulie kama watu wengine wanavyolia.

Ndipo nikamwangalia usoni. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, na chini, mbele, hapakuwa na meno.

"Hayo meno yaling'oka akiwa hapa?"

"Hapana, madam. Hiyo ni uzee," Kirui akasema.

Nikamwomba atuonyeshe vizuri. Akavuta mdomo wa chini kwa kidole chenye glavu. Meno ya pembeni yalikuwa yote, mazima. Ya mbele yaliyokosekana yalikuwa sita, nafasi imenyooka, ufizi umejifunga zamani sana. Baba alikuwa na pengo kama hilo. Akicheka, ulimi ulichungulia.

"Wazee wenu waling'olewa mangapi kwa mila?" nikamuuliza Mama Cherono.

"Mawili. Baba yangu alikuwa hivyo." Akasogea karibu, akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akanigeukia. "Huyu si wetu."

"Huyu ni wetu," nikasema. "Ni mzee wa ziwani. Wa umri wake wengi waling'olewa sita."

Kirui alirudisha shuka. Alama za vidole zilikuwa zimechukuliwa, akatuambia, lakini polisi walisema hazisomeki. "Imeisha kabisa. Hii ni mikono ya kuchuna chai." Kila mtu alikuwa amemtafutia nyumbani pale alipookotwa, kwa lugha aliyoizungumza. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kuishi mahali mpaka lugha ya pale ikabaki kinywani mwake wakati mengine yote yamemtoka.

Kirui akaahidi kuongea na ofisi wamwache mpaka Jumatatu. Mimi nikapigia simu redio inayotangaza kwa Kiluo, nikawaachia namba yangu na kuwasomea maelezo: mzee mrefu, mwembamba, sweta ya kahawia, anajua Kipsigis. Chini ya sikio lake la kushoto palikuwa na alama nyeusi kama harage, lakini Kirui alinishauri nisiitaje. Mwenye mzee ataitaja mwenyewe, alisema.

Alhamisi, watoto wakiwa mapumziko, simu ililia. Sauti ya mwanamke, kwa Kiluo. Hakunisalimu hata.

"Huyo mzee ana kitu cheusi chini ya sikio?"

Niliketi kwenye ngazi za darasa ndipo nikamjibu.

Anaitwa Adhiambo. Amekuja leo na kaka zake wawili, na pale mochari akanisimulia. Baba yake, Mzee Nashon, alichuna chai huku Konoin tangu ujana mpaka alipostaafu. Mke wake alipofariki akaanza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, halafu hata njia ya kisimani. Miezi miwili iliyopita aliamka asubuhi, akavaa sweta, akamwambia mkaza mwana wake kwamba amechelewa kazini. Walidhani anafanya mzaha. Wamemtafuta Kisumu, Homa Bay, kwenye hospitali zote za ziwani.

"Hatukufikiria huku," akasema. "Kazi aliiacha zamani."

Alipoingia ndani hakupiga mayowe. Alimwita jina lake taratibu, mara mbili, kama unavyomwamsha mtu uliyemletea chakula. Kisha akamlaza kichwa vizuri.

Kirui akachukua kitabu chake. Pale palipoandikwa "Mzee, Kimulot" akapiga mstari, akaandika juu yake Nashon, akamwuliza Adhiambo herufi za jina la ukoo moja moja.

Mama Cherono alikuja na maandazi ya safari. Adhiambo akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kiluo, yule mwingine akajibu kwa Kipsigis, na hakuna aliyeomba kutafsiriwa.

Gari lilipoondoka nilibaki nimesimama. Nimemwonea wivu mwanamke aliyefiwa. Hilo nalo naliandika.

Sikuja nyumbani moja kwa moja. Niliposhuka hapa Litein nilienda kituo cha polisi, nikamwambia afisa wa zamu nataka kuripoti mtu aliyepotea. Ni kijana, umri wa wale niliowafundisha mwanzo. Akafungua kitabu.

"Ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Alipotea lini?"

"Nikiwa darasa la sita."

Akaniangalia nywele zangu, ambazo zimeanza mvi. Akaweka kalamu chini. "Na hakuna mtu aliripoti?"

"Hapana. Tulisema yuko kazini."

Nilidhani atacheka, au aniambie nirudi Jumatatu. Akaichukua kalamu tena. Jina nikampa. Kovu nikamweleza. Kiwanda nikakitaja. Akauliza rangi ya nguo, nikasema sijui tena anavaa nini.

"Urefu wake?"

Hapo nilikwama. Sijawahi kumwona baba nikiwa mtu mzima. Nikasimama pale kaunta, nikatafuta kwa kiganja mahali kichwa changu kilipokuwa kikifika kwa baba, nikaishia kwenye kifungo cha pili cha blauzi yangu mwenyewe.

"Nilikuwa namfikia hapa," nikamwambia.

Yule kijana alitazama kiganja changu kwa muda. Kisha akainama, akaandika: mrefu.

Mama bado hajui. Kesho akitoka kanisani nitampigia nimwambie nimemripoti baba, na sitamuuliza kama naruhusiwa kumtaja.