Sabuni ya Madumu

Musoma, 9 Machi 1984

Mwamvita mdogo wangu, assalamu alaikum.

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba kuku wetu wote wamehamia kwa jirani. Wamekimbia harufu ya kiwanda changu cha sabuni.

Magunia ya unga uliyonitumia kutoka Bunda, ili nimshonee mwanao Salum kanzu ya ndoa, yalifika. Ni pamba nzuri, ila yana chapa kubwa ya buluu, na sabuni madukani hakuna. Mwalimu Magesa wa kemia akaniambia plastiki na mafuta ni ndugu, kwa hiyo hata dumu bovu linaweza kuwa sabuni. Mimi fundi cherehani nikaamini! Nikachemsha madumu mawili na magadi. Nikapata donge jeusi linalonuka, na wino haukutikisika. Mama alicheka mpaka akakohoa: "Hamduni, unataka mjukuu wangu aoe ameandikwa kilo kifuani?"

Kanzu anayokuletea konda wa basi ni nyeupe kabisa, na najua utauliza nimeifuaje. Sikufua kitu, mdogo wangu. Mama alifungua sanduku lake akatoa bafta aliyojiwekea ya sanda. Nilikataa. Akasema, "Mimi sijafa bado. Salum anaoa Ijumaa." Nikakata kitambaa huku nalia.

Salum usimwambie. Sasa kila asubuhi nayafua yale magunia kwa majivu, yawe meupe kwa ajili ya Mama. Yeye anapitaga hapo na kikombe chake cha uji, ananiambia, "Fua polepole, mwanangu. Sina haraka."

Kaka yako mwenye vidole vya buluu,
Hamduni