Sogeza Kadi Mstari Mmoja

Duka la Fotokopi,
Mkabala na Kliniki ya Macho,
Jumanne, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu nyingi, tena za kujaza gunia, maana leo nina furaha ya kugawa. Hujambo lakini? Kile kidole kilichoungua na pasi kimepona? Na mgongo je, bado unakukamata ukiinama kutoa mashuka kwenye mashine? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, akishapata chai anayasahau. Mimi mzima wa kupindukia. Hiyo alama nyeusi hapo juu ni kidole changu, wino wa mashine hautoki hata kwa maombi.

Jana nilipokupigia ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema "Dada, subiri." Basi nimeamua kuandika. Barua haikatiki! Mwenzako wa chumba anamaliza likizo, anarudi kesho, kakubali kuibeba. Tafadhali kaa chini ndiyo uendelee.

Ni habari ya mwanao. Ni habari njema, Dada, njema sana, na yote inatokana na kosa langu la haraka haraka. Nikianzia katikati utapotea, ngoja nianze mwanzo.

Unajua shule yangu mimi ni hii mashine. Niliacha darasa mapema, lakini miaka minne sasa nakopi mitihani ya zamani ya kuingia chuo, na taa ikipita mimi nasoma. Ndivyo nilivyoanza kuwafundisha vijana huku stoo. Wamefika saba. Wanakalia maboksi ya karatasi, mteja akitaka boksi zima mmoja anasimama, kiti chake kimeuzwa. Mwanao ndiye kinara. Bado tunamwita Wakili, maana bado anabishana na kila kitu, hata na kengele ya shule. Wenzake wakikwama hawaniulizi mimi, wanamuuliza yeye. Mimi nabaki kuchonga penseli.

Sasa, Jumamosi ile nikawapa mtihani wa majaribio, maswali sitini, saa ikiwa mezani, karatasi ya majibu ya viduara kama ile yenyewe. Kusahihisha nina kadi ngumu niliyoitoboa matundu sitini kwenye majibu sahihi. Naiweka juu ya karatasi, tundu likionyesha weusi kapata, likionyesha weupe kakosa. Dakika moja mtu kamalizika.

Wakili akapata ishirini na mbili.

Na kuna kijana mmoja tunamwita Mbio, yeye hasomi hata swali, anachagua jibu refu kuliko mengine. Alipata thelathini na nane! Nikachanganyikiwa. Nami bila kufikiri, vidole vyangu hivi visivyotulia, nikakutumia ujumbe: Wakili kapata 22. Hapo ndipo ulipojibu kwamba hakuna haja ya kumsajili kwa mtihani wa chuo, umeshamwombea nafasi ya kupiga pasi hapo hotelini kwenu, aje mwisho wa mwezi, na mtihani si wa kila mtu.

Nilimsomea ujumbe wako. Hakubisha. Dada, yeye! Alikwenda kukunja nguo zake akazipanga kwenye begi, sketi ya shule akaiweka chini kabisa. Mama akaniangalia kama mimi ndiye niliyempa sifuri.

Wiki nzima nikawa najiambia mtihani wenyewe ni upuuzi. Nikamhubiria bosi wangu, huyu mwenye duka, kwamba viduara haviwezi kupima kichwa cha mtu, Mbio ni ushahidi. Bosi hata hakuinua macho. "Mtihani ni mashine kama hii yangu," akasema, "ukiweka karatasi kombo, inatoa kombo. Umeangalia ilivyowekwa?" Nikamwambia haelewi kitu. Kumbe!

Jana asubuhi nikaitoa ile karatasi niitupe. Nikaiweka juu ya mashine, kadi yangu juu yake, nikawa nakopi kitambulisho cha mzee mmoja. Unajua hii mashine inavyotetemeka kama mgonjwa wa homa. Kadi ikaanza kusogea yenyewe, taratibu, ikapanda juu mstari mmoja. Nikatupa jicho.

Nyeusi. Nyeusi, nyeusi, nyeusi! Kuanzia tundu la kumi na tatu kwenda chini, karibu yote meusi!

Nilipiga ukelele mpaka yule mzee akaruka nyuma akidhani nimepigwa na umeme. Bosi akakimbilia kuzima swichi. Mimi nimeshika kadi nacheka na kulia pamoja. Mzee wa watu kaondoka bila kitambulisho, karudi baadaye akakiomba akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

Umeelewa kilichotokea? Wakili aliliruka swali la kumi na mbili. Lakini kwenye karatasi ya majibu hakuruka mstari. Jibu la kumi na tatu akalijaza kwenye mstari wa kumi na mbili, la kumi na nne kwenye wa kumi na tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Na mwisho hakushtuka, maana aliona mstari mmoja mweupe, naye alijua kuna swali moja kaliacha. Hesabu ikalingana! Nimehesabu upya mara tatu, bosi mara moja: hamsini na tatu. Hamsini na tatu kati ya sitini, Dada.

Nikatoka mbio na aproni yangu mpaka nyumbani. Nikamkuta anaosha vyombo.

"Wakili, umepata hamsini na tatu!"

"Mama mdogo, usinitanie, mikono yangu ina sabuni."

Nikamwekea kadi juu ya karatasi yake pale pale kwenye kabati la vyombo. Akaiangalia. Akaisogeza yeye mwenyewe kwa kidole, chini, juu, chini, juu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilijua?" Nikamwambia ulijua. Akasema, "Basi hiyo kadi yako iandikwe barua ya onyo." Ndipo nikajua karudi, Wakili wetu karudi!

Jioni ile ile nikampa mtihani mwingine, safari hii na rula chini ya kila mstari. Hamsini na mbili. Akakasirika, eti imepungua moja. Begi limefunguliwa, sketi inaning'inia dirishani.

Mimi sasa sijui kama mtihani una maana, nakuambia ukweli. Jumatatu asubuhi alikuwa mjinga, saa nne akawa na akili, na kichwa ni kile kile. Lakini mlango wa chuo una ufunguo mmoja, nao ndio hiyo namba. Kama mlango unataka viduara, tutawajazia viduara, kwa rula. Mbio naye nimempa rula, namwambia asome swali kwanza, analalamika kwamba kusoma kunamchelewesha.

Nimekuwekea humu vitu vitatu. Cha kwanza kopi ya karatasi yake. Cha pili ni kadi yangu yenyewe, nitatoboa nyingine. Ilaze sawa kwanza, hesabu matundu meusi, utapata ishirini na mbili. Halafu kuanzia kumi na tatu, sogeza kadi mstari mmoja juu, uhesabu tena. Usiniamini mimi na domo langu, amini mikono yako.

Cha tatu ni fomu ya usajili. Inataka sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Tia sahihi, piga picha, nitumie kwa simu, nitaichapa hapa hapa. Na hapo kwenye pasi waambie watafute mtu mwingine.

Msalimie shemeji, mwambie redio yake imepona, tatizo lilikuwa waya mmoja tu. Wasalimie wenzako wote wa chumba cha mashuka. Mama anasema ule vizuri na usilale na nguo mbichi. Mungu akutunzie mgongo na mikono, na hatua zako zote ziwe za heri.

Nakupenda sana, hata ukinikatia simu,

Mdogo wako,
Cheche.

N.B. Nimeifungua tena bahasha, mwenzako ananisubiri mlangoni anagonga miguu. Hujauliza kwa nini aliliruka lile la kumi na mbili. Amenikataza nisikuambie, kwa hiyo nakuambia. Ilikuwa habari ya mama anayefanya kazi mbali na watoto wake. Swali: kwa nini mama huyu anaishi mbali? A, anapenda safari. B, amewachoka watoto. C, hakusoma. D, amepotea njia. Kadi yangu inasema C. Wakili hakujaza kitu. Jana niliitafuta karatasi yake ya maswali, nikakuta pembeni, kwa penseli, kaongeza jibu lake mwenyewe:

E, ana mtu wa kusomesha.