Njia ya Kuja Kwenu Imefunguka

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila paa la jikoni linavuja tena na Mama amekataa kulazwa hospitali.

Tangu mtandao wa mji wenu uharibike, amekuwa akikutetea: "Mwanangu angeshapiga. Ni mitambo ya dada yake ndiyo mibovu." Nami nikalishika neno hilo, nikafanya kazi kama punda pale kampuni ya simu. Kila ruta, yaani kifaa cha kuelekeza simu, ina namba yake, na safari ya simu hupangwa kwa namba hizo. Jana niligundua ruta mbili zimepewa namba ileile, kwa hiyo simu za kwenu zilipelekwa mji mwingine zikapotelea huko. Nilibadilisha namba ya mojawapo, na njia ikafunguka papo hapo. Ofisini walipiga makofi. Mimi nilikimbilia nyumbani.

Majirani walikuwa wakiongea na watu wao wa huko kwenu. Mama alikaa na simu mapajani hadi jioni. Nilitoka uani nikakupigia mwenyewe. Iliita, ukakata.

"Bado hujamaliza kutengeneza, eti?" Mama akaniuliza niliporudi ndani.

"Bado, Mama. Kazi ni kubwa."

Akafumba macho, akaniambia nisikate tamaa.

Nakuombea uzima, hata hivyo.

Dada yako