Mzee Kondo Ametia Dole Gumba Kwamba Mie Si Mwanawe

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi kabla ya Jumatatu, na usidhani anayekuandikia ni mtu wa hivi hivi, mie ni Jabiri fundi seremala wa Keko, nimesoma mpaka darasa la tatu na mwalimu asingehama ningeyamaliza yote, Mombasa nimefika, Nairobi nimelala siku tatu, na vitanda ninavyounda watu huzaliwa humo na kufia humo wala havilii.

Baba yangu wa damu ni Kalasinga, fundi wa mbao, alirudi kwao mie sijaota meno, akaniachia randa moja na nywele hizi zinazolala kabla mwenyewe sijalala. Mama yangu, marehemu Tunu, Mzaramo wa Temeke, akaolewa na Mzee Kondo, na huyo ndiye aliyenilea, akanibeba begani siku ya kutoka jando, na watoto wakiniita Singasinga huwaambia, "Huyu wangu nimemwepua mapema kidogo," wanacheka wao, nacheka na mie, na Mungu shahidi, mzee yule hajapata kula nami sijala.

Sasa kwa vita hivi vya Wazungu mchele ni kwa kadi ya mgawo, na kadi wanapewa Wahindi, sie wengine unga. Karani mmoja akaniambia, "Wewe chotara, ukiapa kwamba maisha yako si ya kienyeji utaandikwa Mhindi, lakini aliyekulea atie dole gumba kwamba si mwanawe." Mke wangu Hamisa ana mimba ya miezi saba na sembe inamtapisha, basi tamaa ikanishika. Nilidhani mzee atanitimua kwa bakora, kumbe akasema, "Lete wino. Mkeo ale wali." Akatia dole, akaingia ndani. Tangu hapo haji tena kibandani kwangu, na kila asubuhi alikuwa akija kunikosoa. Karatasi ninayo sandukuni, mwisho wa kuipeleka Jumatatu. Niipeleke? Na mie hasa ni nani?

Jabiri, Keko

Mshauri anajibu:

Pole, Jabiri, na hongera kwa vitanda. Ila umefika Mombasa, umefika Nairobi, ukaja kupotea Temeke!

Wazaramo ukoo wanaufuata kwa mama, nawe unajua, basi nusu ya mtu hukuwa hata siku moja. Damu ya Kalasinga usiionee haya; huenda mkono wako hodari umetoka kwake, mshukuru huko aliko. Lakini wa kumkana ndiyo awe Mzee Kondo? Unadhani angelitia dole lile kwa mtoto wa jirani? Uongo mzito namna ile mtu humsemea mwanawe tu. Nawe ukaupokea, ukaufungia sandukuni! Aibu, bwana mkubwa.

Karatasi usiichane wewe. Mpelekee mzee leo, mpe shikamoo, mwombe radhi, aichane mwenyewe. Kuhusu Hamisa, mpikie muhogo na ndizi, na kama roho yake ni wali tu, Wahindi nao wanalala vitandani: muundie mmoja kitanda, akulipe mchele. Fundi mzima unakwenda kujiapiza uongo kwa kibaba!

Jumatatu karani angoje mpaka achoke. Na Hamisa akijifungua salama, jina la mtoto usije kuniuliza mimi. Muulize babu yake.