Shangazi Hafiki Uani

Mpendwa Bi Barke, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa, maana mama ameamua nioe mwaka huu na amesema mchumba asipungue miaka ishirini na tano wala asizidi thelathini, na kazi ya kumtafuta kampa shangazi yangu Ummulkheir, ambaye hapa Kisauni anaingia nyumba hata nyumba, lakini wallahi utaratibu wake unaniua, kwa sababu kwao walizaliwa mabinti watatu, basi kila mlango anaulizia watatu tu, akifika penye mabinti saba anahoji watatu wakubwa, akiona wote wameshaolewa anaaga, na akifika penye mmoja anasimama kumgombeza mama mtu, "Na wawili mmewaficha wapi?", mpaka juzi akamwagiwa maji yaliyooshewa samaki. Nyumba zetu wazijua, Bi Barke, kila chumba na familia yake, na uani vyumba vingine, basi yeye chumba cha mbele akikuta hakina binti husema nyumba imekwisha, anageuka, na huko uani kwa Mzee Mwinyihaji, nyumba ambayo ndiyo aliyoanzia, anaishi Wardah, ana miaka ishirini na saba, mtoto wa tano kwao, anashona madera, nami nampenda tangu mwaka jana naye ananipenda, ila kumwambia mama naona haya, nangoja shangazi amfikie mwenyewe ionekane ni bahati, na sasa nasikia Ijumaa wanakuja watu wa Likoni kumposa, usingizi sina, chakula hakipiti, nifanye nini? Nambari yangu ya simu iko hapo chini.

Talha, fundi wa kuchomelea, Kisauni

Marahaba, Talha mwanangu. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwenye jina la Wardah, hapo nikaitupa barua mezani.

Shangaziyo anakosea, kweli. Anayetafuta huingia chumba baada ya chumba mpaka uani, akaulizia wote waliopo, awe mmoja au wawe tisa. Pasipo na binti huwaombea heri akapita chumba cha pili. Mwambieni hivyo. Lakini yeye hajui mchumba yuko wapi. Wewe wajua! Nyumba waijua, chumba wakijua, umri waujua, kisha umekaa kimya mtu mzima anamwagiwa maji ya samaki kwa ajili yako. Huoni vibaya?

Na jengine. Safu hii hutoka Jumamosi, na hilo walijua vizuri. Posa ni Ijumaa. Ulitaka nikujibu mambo yakiwa yamekwisha, upate kulia na kusema Bi Barke kachelewa. Thubutu!

Jumatano nilipiga nambari yako. Simu ulikuwa umeiacha nyumbani kwenye chaji, akaishika mamako. Nikamweleza yote. Akauliza, "Wardah huyu huyu anayenishonea madera?" Sijajibu, nikamsikia anamwambia shangaziyo avae buibui haraka, na safari hii wapitie mlango wa nyuma.

Ukisoma haya, jibu la Wardah umeshalipata. Ikiwa amekubali, nenda leo kwa babake, ukae mbele yake, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba wamtaka bintiye. Ikiwa amekataa, usije ukamlaumu Ummulkheir. Yeye angalau alipiga hodi.