Sura ya Kukimbia

Mwalimu Yakobo, rafiki yangu,

Mchungaji alisema jana jioni kwamba tafsiri yako ya maisha na maandishi ya yule patriaki, askofu mkuu wa kale wa Iskanderia, itasomwa kanisani, ila sura moja itaachwa. Alisema hayo sebuleni kwako, mbele yangu na mkeo. Ni ile sura ambamo patriaki anajitetea kwa nini aliwakimbia askari wa Kaisari badala ya kungoja akamatwe.

"Watu watafikiri marehemu Mwalimu alikuwa akijitetea mwenyewe," alisema Mchungaji.

Mkeo, Mama Tabitha, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Kama miguu yake haifai kanisani, Mchungaji, na mkono wake ulioandika haya ubaki nyumbani."

Mchungaji akaomba muda azungumze na wazee wa kanisa.

Mimi si wa dini yenu, na kazi yangu ya gazeti ni kuuliza. Nilikuuliza mara ngapi kwa nini, kati ya watu wote wa kale, ulimchagua huyu na kukifufua Kijerumani chako cha shule ya misheni ili umtafsiri? Ulinijibu, "Soma kwanza, gazeti baadaye."

Nimesoma. Nilitazamia sala tupu. Nimekuta mtu anayefukuzwa mjini kwake tena na tena, anafichwa na watawa wa jangwani, na huko mafichoni bado anaandika: barua, mabishano, maisha ya mtawa mmoja mzee. Anasema hata Daudi alikimbia, hata Eliya, na Bwana wenu mwenyewe alibebwa kupelekwa Misri akiwa mchanga.

Nawe wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza ulikamatwa kubeba mizigo ya jeshi, ukaitua porini, ukarudi. Kariakoo nzima inajua. Tangu tukuzike, Mzee Shomari wa kahawa pale Msimbazi hana wa kumtania.

"Mwalimu Mbio, leo umepita njia ipi?" alizoea kukuuliza.

"Ile isiyo na mzigo, mzee. Nimiminie."

Leo asubuhi nilimweleza habari ya sura hiyo. Kaka yake alibeba mizigo ileile, na hakurudi. Mzee akaweka birika chini.

"Huyo patriaki wenu anawaambia nini ndugu wa wasiokimbia?"

"Wenu? Mimi Mwislamu kama wewe, mzee."

"Wewe ndiye uliyemleta hapa. Jibu."

Nilimsomea. Patriaki anasema kila mtu ana saa yake, na si vyema kujipeleka kwa wauaji kabla haijafika.

"Saa ya kaka yangu ilikuwa bado," alisema Mzee Shomari. Kisha, "Rudia."

Nilirudia. Wateja walingoja kahawa yao.

"Mwambie mjane asikubali kukata hata kidogo," alisema. "Simkubali huyo patriaki wenu, lakini nataka kumsikia mpaka mwisho. Kanisa likikataa, baraza yangu ipo."

Sijui bado, Yakobo, kama ulikimbia kwa hofu au kwa sababu kama zake. Nilipaswa kusoma ulipokuwa hai, upate kunijibu. Mama Tabitha hajambo, na sura ile ameiweka juu ya nyingine zote.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi sitaruka mstari. Wazee wa kanisa wanakutana Alhamisi, nami nitamsindikiza mkeo. Wakikataa, nitasoma yote Jumamosi baada ya alasiri, kwa Mzee Shomari.