Jina Nililolisugua Lobule

Koboko

Mama Neema, mke wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na binti yetu. Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama kufua? Mimi ni mzima, ila magoti yamechubuka na macho yanawasha. Naandika kwa sababu kwenye simu kila tukifika kwenye habari ya marehemu mwanetu Baraka tunanyamaza mpaka salio linakwisha. Uliniuliza kama fundi aandike jina lake kwenye saruji ya kaburi, nikakujibu aandike tu. Jibu lile linaninyima raha.

Kazi ni ileile. Yule mtaalamu wa miamba anayetengeneza kitabu anataka picha za karibu kabisa, chembe na mishipa ya jiwe, kwa hiyo nashinda nimelala kifudifudi lenzi ikikaribia kugusa mwamba. Wapita njia wanasimamisha baiskeli kuniuliza kama dhahabu imeonekana. Visukuku alivyovitamani sijaona hata kimoja. Nimechoka na mawe, Mama Neema, hata wali nautafuna kwa mashaka.

Juma lililopita nilikuwa Lobule, nikaona jiwe bapa, zuri, kando ya shamba la karanga. Utaratibu wangu unaujua: kwanza nalipiga picha na uchafu wake, kipande kwa kipande, kila kipande kama kiganja. Kisha nalisugua kwa maji na mswaki, nalipiga upya. Lilikuwa na mistari ya mkaa, nikadhani watoto wamechezea. Nilipiga vipande vitatu tu vikiwa na uchafu wake, jua likaanza kuwa kali, nikaona nisipoteze muda. Nikalisugua lote likang'aa.

Mama mmoja akatoka kwenye karanga, jembe mkononi, akasimama. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba pale amelala binti yake, Kiden. Walikimbia vita ng'ambo ya mpaka, mtoto akashikwa na homa, akafa. Baba yake aliliandika jina kwa mkaa, kisha akavuka mpaka pale Oraba kwenda kuangalia kama nyumba yao bado ipo. Huu ni mwaka wa pili, hajarudi. Mama mwenyewe hajui kusoma wala kuandika. Kila mvua ikipita alikuwa akifuata alama zilizobaki, anazipitishia mkaa mpya. Mimi nilikuwa nimeziondoa hata hizo alama.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba niliandike upya, palepale.

"Wewe najua kuandika, mimi naona," alisema kwa Kiswahili cha huku, ambamo "wewe najua" ni "wewe unajua". "Lakini hiyo haiko mukono ya baba yake."

Kesho yake nilikwenda mjini Arua kusafisha picha zile tatu. Mkaa ulionekana mpaka ulivyoingia kwenye vitundu vya jiwe. Lakini kulikuwa na K na I tu. Kwingine kote sikuwa nimefika. Macho yangu yameona kila chembe ya mawe ya huku, na jina la mtoto yakaliona uchafu.

Nikarudi nazo, nikazitandika juu ya jiwe. Yule mama akazifuata kwa kidole mara nyingi, akaziondoa, akaandika herufi mbili mwenyewe, polepole, sawasawa kabisa na za mumewe. Halafu akanipa mkaa.

"Hii mbili iko ya baba yake. Ile ingine andika wewe. Sasa wewe pia namuzika."

Niliandika zile tatu zilizobaki. Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi.

Mama Neema, mwanangu sikumzika. Uliponipigia nilisema nitakuja kazi ikipungua, na kazi haikupungua kwa sababu sikutaka ipungue. Niliogopa kuliona kaburi. Sasa naogopa zaidi kutoliona. Nimeshamwambia mtaalamu atafute mtu wa kumalizia, amenuna, na anune.

Nisalimie mama mkwe, aliyekushika mkono siku ile badala yangu, na kaka yangu, aliyechimba nilipotakiwa kuchimba mimi. Neema mwambie baba yuko njiani. Na fundi mwambie akoroge saruji atakaponiona nimefika. Jina asiliguse.

Ni mimi,
baba wa Neema na Baraka